Mrashi wa Kabati la Nne

Jina langu Kyalo, mhifadhi wa makumbusho, na nawaambia mapema kwamba nina hasira za karibu. Mama asema nilizaliwa nazo, hapo hapo Tononoka, siku ya jua kali na wakunga wavivu. Kwa hivyo mkisikia napandisha sauti, msishangae. Nimeuzwa, na aliyeniuza nilikuwa nikimpigia pasi mashati.

Makumbusho yetu ni nyumba ya ghorofa mbili kwenye kichochoro cha Mji wa Kale. Wageni hutufikia wakiwa wameshachoshwa na Ngome ya Yesu, na wengi wao huuliza choo kabla ya kuuliza historia. Nyumba ilikuwa ya Mzee Noormohamed. Aliitoa iwe makumbusho, akabaki mwenyekiti, na akaweka masharti yake. Sharti moja nimelishika miaka kumi na mmoja bila kulegeza: kila kitu kina kadi, na kitu hakitoki mlangoni mpaka kadi yake isomwe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, mbele ya anayekipokea, naye atie sahihi. Mzee alishaona vitu vingi vya watu vikipotea kwa maneno ya "chukua tu, tutaandikiana kesho."

Sasa, kabati la nne. Ndani yake mna mrashi wa fedha, shingo nyembamba ndefu, wa kuwanyunyizia wageni marashi harusini. Kadi yake ilisema: "Mrashi wa fedha. Umebonyea kitako. Mtoaji: ameomba asitajwe. Machi 2018."

Mtoaji ni Taizoon, kijana wa Kihindi wa dhehebu la Mabohora, na wala hakuwapa makumbusho. Alinipa mimi.

Mimi naishi Tudor na mama yangu, na mama yangu ni mtu wa kupangusa vumbi hadi chini ya miguu ya kitanda. Kijiko kigeni kikiingia nyumbani, atauliza kimetoka wapi. Ningemwambia nini? Kwamba mrashi nimepewa na mwanamume, na mwanamume huyo nampenda? Mama ni mwanakwaya, jamani. Nikauficha mahali ambapo hakuna mtu angeutafuta: nyuma ya kioo, chini ya taa, mbele ya macho ya watu wote. Taizoon alipouona pale alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya swala alikuja, akakata tiketi kama mgeni yeyote, akasimama mbele ya kabati la nne na kuniuliza kwa sauti, "Bwana mhifadhi, hiki nacho ni nini?" Nami namweleza, polepole, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya wapenzi mbele za watu, miaka sita; mashati yake nilimpigia pasi ghalani, tukishafunga. Nekesa, mwenzangu wa kazi, aliniambia siku moja, "Yule Bohora ana kichwa kigumu! Mpaka leo hajaelewa mrashi?" Nikamwambia wengine huelewa polepole.

Alinipa mrashi Ijumaa, tarehe tisa. Jumatano iliyofuata alikuja jioni tukifunga, macho mekundu, hawezi kusema. Nikamwingiza ghalani, kwenye masanduku. Nikamuuliza kuna msiba? Akatikisa kichwa, akasema tu, "Nyumbani hakukaliki, Kyalo." Nikadhani analia kwa ajili yetu, kwa kule kujificha. Nikamlaza kichwa pajani, nikampapasa nywele, nikamwambia, nyamaza mpenzi, huna kosa. Nimepata siku nyingi nzuri naye, lakini hiyo ndiyo siku niliposema moyoni, huyu ni wangu.

Wangu! Mwaka huu akaja kuniambia anaoa. Bibi harusi anaitwa Zoya, wa Nairobi, familia zimeshakubaliana. Nilimeza. Watu wa aina yangu tumezoea kumeza. Sheria ya nchi hii mnaijua, na ndugu zetu mnawajua. Nikamwambia hongera. Nikaenda nyumbani nikamgombeza paka.

Hilo lote ningelisamehe, wallahi, na naapa hivyo ingawa nimebatizwa.

Basi mama yake, Bibi Hussaina, akasikia ua wetu wa ndani unapendeza kwa picha za harusi. Akaja kuutazama, na Taizoon nyuma yake akishika mkoba. Nilimpokea kwa adabu zote. Tukapita chumba baada ya chumba, naye akisifu milango, mpaka kabati la nne. Hapo akasimama. Akainama, pua karibu iguse kioo.

"Huu mrashi wa mama mkwe wangu," akasema. "Huu ni wetu! Ulianguka ngazini siku ya harusi yangu mimi mwenyewe, ndio maana ukabonyea kitako. Lo! Kanze. Mwizi yule akaja akauuza huku!"

"Kanze ni nani, mama?"

"Mwanamke wetu wa kazi. Tulimfukuza kwa mrashi huu. Tulimpeleka mpaka polisi na asikiri, na uso mkavu!"

Nikamtazama Taizoon. Alikuwa ngazini, simu mkononi, na nilijua, nilijua kabisa, kwamba sasa atafungua mdomo atunge lolote: kwamba aliuazima, kwamba aliupoteza, lolote la kumtoa yule mwanamke lawamani. Akainua macho.

"Ndio, mama," akasema. "Kanze."

Taizoon alirudi peke yake baada ya saa mbili. Nekesa nilikuwa nimemtuma posta. Hakuja kuomba radhi, msijidanganye. Alikuja na mpango.

"Mama anataka mrashi, na anataka barua yako ya kueleza ulivyoupata," alisema. "Jumamosi, mbele ya Mzee. Wewe sema tu mwanamke alikuja nao, mnene kidogo, hukumjua jina. Basi. Hakuna atakayekugusa."

"Kwa hivyo nimtie Kanze kitanzi tena."

"Kyalo, nisikize. Yeye alishalaumiwa. Hatapoteza kitu kipya."

Hatapoteza kitu kipya! Mtu niliyempa moyo wangu wote ndiye aliyetamka hivyo, meno meupe, shati nililopiga pasi mimi. Nikamuuliza kama alijua wakati ule kwamba mwanamke wa watu amesingiziwa. Akatazama simu yake. Nikamuuliza tena. "Ningefanya nini?" akasema. "Ningesema nimempa nani? Na wewe pia ukikataa, mama ataenda polisi, na wewe ndiye utakayeulizwa uliupata wapi. Fikiri kazi yako. Fikiri mama yako."

"Toka," nikamwambia. Akatoka, na mlangoni akageuka kunikumbusha ni saa nne asubuhi.

Nitasema ukweli wangu wote, nisijifanye malaika. Usiku ule niliiandika ile barua. Mwanamke, mnene kidogo, simjui jina. Niliiandika kwa mwandiko mzuri. Kazi ndiyo inayomlisha mama yangu, na nje ya makumbusho mimi si kitu. Asubuhi nikaisoma, nikaichana. Nikamuuliza Nekesa, kwa kuwa yeye anajuana na dunia nzima, kama anamfahamu mwanamke anayeitwa Kanze aliyewahi kufanya kazi kwa Mabohora.

"Yule anayekaanga viazi karai, kwetu Tononoka, karibu na uwanja? Nani asiyemjua?"

Kanze si mnene hata kidogo. Nilimkuta ameinamia karai, leso kiunoni, watoto wa shule wamemzunguka. Nilingoja watawanyike. Kisha nikamwambia bila kupindapinda: mrashi uko kwangu, nilipewa na Taizoon, na kwa nini nilipewa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno lile, na wa kwanza kumwambia akawa mwanamke nisiyemjua, mbele ya mafuta yanayochemka.

Hakushtuka. Aligeuza viazi vyake kimoja kimoja.

"Walinipekua mpaka leso," alisema. "Nikalala kituoni siku mbili. Nilipotoka, hakuna mlango Mji wa Kale ulionifungukia tena. Hayo nimeyazoea. Lakini mama yangu alikufa kule Kaloleni akiniuliza, 'Kanze mwanangu, kweli hukuchukua?' Mama yangu mzazi." Akapangusa jasho kwa mgongo wa kiganja. "Sasa wewe wataka nini kwangu?"

"Uje Jumamosi."

"Nije nitukanwe tena?"

"Uje usikie kadi ikisomwa."

Jumamosi saa nne walikuwa wamefika. Mzee Noormohamed alikaa kitini, mikono juu ya bakora. Bibi Hussaina alikuja na kitambaa cha hariri cha kufungia mrashi. Taizoon alisimama nyuma ya mama yake, na alipomwona Kanze akiingia na Nekesa, rangi ya uso wake ilibadilika. Bibi Hussaina akafyonza. "Huyu naye aliyemwita nani?"

"Nimemwita mimi," nikasema. Nikaufungua mlango wa kabati, nikautoa mrashi, nikauweka mezani. Halafu nikatoa kadi. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa maana ndilo sharti lake.

Nilikuwa nimeiandika upya.

"Mrashi wa fedha. Umebonyea kitako kwa kuanguka ngazini. Mtoaji: Taizoon, mwana wa Hussaina. Aliutoa kwa mkono wake mwenyewe kwa Kyalo, mhifadhi, tarehe tisa Machi 2018. Haukuibwa. Kanze hakuugusa. Sababu ya kutolewa..."

Hapo nikatua. Nikamtazama. Mpaka dakika ile, Mungu anisamehe upumbavu wangu, nilikuwa bado namngojea.

"Taizoon," nikasema, "malizia wewe."

Alilamba midomo. Hakunitazama mimi, alimtazama Mzee.

"Mzee, mtu huyu mimi simjui," akasema. "Namwona hapa tu nikija kutazama vitu."

Miaka sita. Kila Ijumaa. Simjui.

"Sababu ya kutolewa: mapenzi," nikasoma. Nikaigeuza kadi, nikaisukuma mbele ya Bibi Hussaina, nikaweka kalamu juu yake. "Tia sahihi hapa, mama, kisha uchukue mali yako."

Bibi Hussaina alifungua mdomo anitukane, lakini kwanza akageuka kumwangalia mwanawe, na mwanawe alikuwa ameinamisha uso. Mama ni mama. Alimwangalia kwa muda mrefu. Akakikunja kile kitambaa cha hariri, kikawa kidogo sana, akakitia mkobani. Kalamu hakuigusa. Alipompita Kanze mlangoni, alisimama kidogo, nikadhani atasema neno, lakini alivuta rida, vazi lake la Kibohora, akatoka. Taizoon akamfuata, akapita karibu nami mpaka nikasikia harufu ya atari yake, bila kunitupia jicho.

Mzee Noormohamed akaivuta kadi mbele yake. "Haikutiwa sahihi," alisema. "Basi hautoki. Urudishe kabatini, na kadi hiyo hiyo mbele yake. Kadi ni kadi." Kisha akanyoosha kiganja. "Lakini wewe, mwanangu, siwezi. Nipe funguo."

Nikampa. Nekesa akaangua kilio, nikamwambia aache, asije akaulizwa analia nini.

Nilitoka na Kanze. Tulitembea mpaka barabarani, mimi nikiwaza nitakavyomwambia mama yangu kabla majirani hawajanitangulia. Kanze alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu aliyetuliwa gunia kichwani na shingo bado yauma.

"Ulimpenda kweli?" akaniuliza.

"Nilimpenda."

"Si ajabu. Hata mimi nilimwona ana huruma, yule. Siku niliyofukuzwa wote walinifungia vyumba vyao. Yeye peke yake ndiye aliyenibebea begi mpaka chini. Na alikuwa akilia, ujue, machozi ya kweli. Akaniambia, 'Pole, dada Kanze. Mungu anamjua aliyechukua.'"

Nikasimama katikati ya njia. Tuktuk ikanipigia honi.

"Siku gani hiyo?"

"Jumatano. Jioni jioni."

Jumatano. Aliliweka chini begi la Kanze, akafunga mlango, akaja moja kwa moja kwangu na yale macho mekundu. Nami nikamlaza kichwa pajani, nikampapasa nywele, nikamwambia, nyamaza mpenzi, huna kosa.