Siku Mbaya ya Gethin

Mkaguzi wa posho ya ulemavu alimkuta Gethin Prosser siku yake nzuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa ukarimu wake wa kijinga Gethin alimfungulia mlango mwenyewe, akampikia chai, akamletea kikombe mpaka kwenye kochi, tena akamvunja mbavu kwa vichekesho. Mgeni akanywa, akacheka, akala vikeki, kisha akaenda zake kuandika kwamba huyu bwana ni mzima. Posho ikakatwa. Na lile gari dogo linaloendeshwa kwa mikono tu, lililokuja pamoja na posho, nalo likatakiwa lirudi. Bila gari Gethin hafiki mlimani kwenye banda la njiwa wake wa mashindano. Eirlys, dada yake mkubwa, alimjua: tangu maradhi ya mishipa ya fahamu yamtoe kazini, njiwa hao ndio waliokuwa wakimwamsha kitandani. Wakiondoka njiwa, na yeye ataondoka.

Maradhi yenyewe, ambayo Gethin aliyaita Mgeni, yalikuwa kigeugeu. Siku nyingi Gethin alitembea na fimbo yake huku akiitukana mvua. Halafu, ghafla, siku mbaya: miguu imekufa, vidole havishiki kitu, ulimi mzito. Mambo yakishakuwa hivyo anakaa siku mbili tatu, mpaka kidole gumba cha mguu wa kushoto kianze kuwasha. Hapo nyumba nzima itasikia. "Eirlys! Mgeni anafungasha!" Na kweli, kesho yake anasimama.

Wakakata rufaa. Delyth, mama anayewasaidia watu pale maktaba, aliwapa ushauri uleule anaompa kila mtu. "Usiwaambie unachoweza. Waambie siku yako mbaya kuliko zote. Na mfanye mazoezi, maana nyie wanaume wa bondeni hapa hata mkiwa mnakufa mkiulizwa hali mnasema salama tu."

Basi ikawa kila jioni jikoni, vyombo vikishaoshwa, Eirlys anavaa miwani yake ya kusomea na kuwa hakimu.

"Bwana Prosser, unaweza kufunga vifungo vya shati?"

"Naweza, mheshimiwa, mradi shati lisiwe la dada yangu. Lile ni turubai."

"Gethin! Nitakutwanga na birika hili, wallahi. Siku mbaya, nimesema!"

"Unamwitaita sana, dada. Ataitika."

"Nani?"

"Si huyo unayemwita."

Eirlys akamsonya. Lakini alijua kipaji cha mdogo wake. Miaka na miaka, katika michezo ya Krismasi ukumbini mwa kanisa, Gethin ndiye aliyevaa gauni na kuwa bibi kizee, na watu walicheka hadi machozi. Akitaka kuwa mtu fulani, anakuwa.

Jumanne akaacha mzaha. Bega moja likashuka, mdomo ukalegea upande. "Vifungo naviona," alisema polepole. "Lakini sivihisi."

"Hapo sasa!" Eirlys akapiga makofi. "Umewamaliza!"

Gethin hakucheka. Kijiko kilikuwa kimemdondoka, wala hakukiangalia. Jiko lilikuwa linawaka na madirisha yamefungwa, lakini Eirlys alisikia baridi miguuni, ile ya mlango ulioachwa wazi. Mdogo wake alikuwa anatazama pale karibu na dada yake, pasipo na mtu, kama unavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi.

"Sogeza kiti, Eirlys. Umembana."

Na Eirlys, Mungu amsamehe, akasogeza kiti kabla hajafikiri. Kisha akacheka, maana angefanya nini?

Tangu siku hiyo Gethin hakushuka kitandani bila kushikwa. Eirlys alimlisha maharage kwa kijiko, akimsifu. Mtu anajizoeza mpaka usingizini! Siku moja, alipokuwa anamvisha soksi, akamuuliza.

"Kidole hakijaanza kuwasha?"

"Kidole gani?" Gethin akauliza.

Siku ya rufaa Eirlys aliazima kiti cha magurudumu cha kanisani. Watatu walikaa nyuma ya meza: hakimu, daktari, na mama mmoja mwenye magongo yake. Gethin aliwajibu yote kwa ule ulimi mzito, bila hata kichekesho kimoja. Mwishoni daktari akamuuliza kwa upole, "Na siku nzuri, Bwana Prosser, inakuwaje?"

Gethin akafungua mdomo. Akamgeukia dada yake, macho yakitafuta, kama ameulizwa jina la mtu asiyemjua. Hodari wee, Eirlys akasema moyoni. Makoti yao hayajakauka, wakaambiwa wameshinda.

Eirlys aliendesha gari moja kwa moja mpaka mlimani, akilia na kuimba. Akamsukuma mdogo wake hadi bandani, akamtoa Malkia, njiwa jike aliyependwa kuliko wote, akamweka viganjani mwa mwenyewe. Vidole havikufunga. Njiwa akasimama kidogo, akaruka kurudi ndani. Kule ndani wote walikuwa wamejibana pembe ya mwisho, kimya kabisa, wakitazama ubavuni mwa kiti cha magurudumu, mahali palipokuwa na nyasi tu.

Eirlys akasikia ile baridi miguuni. Akamchuchumalia mdogo wake, akamshika magoti kwa nguvu.

"Basi, Geth. Yameisha. Gari ni letu, hakuna anayekuona huku. Acha sasa, mdogo wangu, unanitisha."

Gethin akajibu kwa ule ulimi mzito.

"Nimeshaacha, dada. Niliacha jioni ile uliposogeza kiti."