Wavu wa Bahari ya Abdullatif

Bahari ya Abdullatif haina chumvi. Hailowanishi, hainuki mwani, haina kelele. Imelala juu ya kioo cha kompyuta, buluu tupu, na pwani yote ya Bagamoyo ameitandazia wavu wa pembetatu ndogondogo. Ndani ya kila pembetatu kuna mlinganyo unaokokotoa maji yapande wapi, yachimbe wapi, yarudi na nini.

Ndiyo kazi yake chuoni Dar: kuiigiza dunia kwa tarakimu. Aliipenda kwa moto. Moto ulizimika lini, hakumbuki. Huamkiwa, huitikia. Hupongezwa, hutabasamu. Hahisi kitu.

Na upwa wenyewe, kwao Bagamoyo, unaliwa. Unaliwa Jumatatu, unaliwa Ijumaa watu wamesujudu. Mchanga unameguka, na sasa maji yanagonga ukuta wa makaburi ya ukoo, alikolala baba yake, mzee Hamed, muuza vitambaa.

"Shikamoo, kaka," dada yake Adila alimpigia simu. "Ami Zayed anauliza. Baba tumhamishe, au tumwache?"

"Marahaba. Hesabu inasema kaburi litabaki."

"Hesabu! Hiyo bahari yako ya kwenye kioo imeshiba, Daktari. Ya huku ina njaa."

Alicheka kidogo, kwa adabu. Hakuhisi kitu.

Lakini aliufungua wavu. Anayeigiza bahari lazima aiambie iishie wapi. Na pale penye makaburi, alipopachora mwaka aliozikwa baba, palikuwa na mstari mwekundu: mpaka usiosogea. Ukuta wa mawe ya matumbawe, uliokwisha kupasuka, yeye aliuandika mwamba. Nani alimwambia ni mwamba? Mkono wake tu. Mkono wa mwana aliyetoka mazikoni, ukayakataza maji. Na juu ya mwamba huo limesimama andiko lake la utafiti, na juu ya andiko, uprofesa anaoungoja.

Ewe bahari ya tarakimu, ulimtii mno!

Akaufuta mstari. Palipoandikwa mwamba, akaandika mchanga. Buluu ikaja. Haikupiga hodi. Ikaingia pembetatu kwa pembetatu, ikapita kichwani pa kaburi la baba, ikapita miguuni, naye akaitazama hadi mwisho kama mtu anayetazama mvua ya mji mwingine.

"Adila. Mwambie ami, tumhamishe. Nilikosea."

"Na uprofesa wako?"

"Nitawaandikia kwamba andiko lina kosa."

"Basi njoo na kanzu kuukuu. Huku tope."

Wakamtoa mzee Hamed asubuhi, kwa dua za sauti ya chini, wampeleke kwenye ardhi ya juu, nyuma ya mji. Abdullatif aliingia kaburini mwenyewe. Bahari ilikuwa imeshatangulia. Ilimfunika vifundo vya miguu, baridi. Alibeba alichopewa kubeba. Hakulia.

Alipopanda juu midomo ilikuwa imemkauka kwa upepo wa bahari, akailamba.

Chumvi.

Akasimama pale pale, jeneza likitangulia, akailamba tena.