Mshale wa Redio ya Gervasi

Jumapili ile, misa ilipokwisha, Bibi Spesioza hakusubiri hata kusalimiana na wanakwaya. Alijifunga kanga vizuri, akashika njia ya Ipuli mbiombio, kwa sababu saa nane alikuwa na mtihani. Yeye, aliyeishia darasa la tatu kule Ulyankulu, leo alikuwa na mtihani wa kompyuta!

Mtihani wenyewe, kusema kweli, ulikuwa wa mjukuu wake, Stela. Miezi mitano binti huyo alijifungia chumbani akitengeneza kitu kidogo tu, cha kukaa pembeni mwa skrini kwenye gemu la mtandaoni. Humo watu huingia kwa pamoja, kila mtu akiwa kwake, na kila mtu anaigiza maisha ya mwingine: huyu mpagazi, yule mpishi, yule kiongozi wa msafara. Wanaifuata njia ya zamani kutoka Tabora kwenda Ujiji, wakizungumza kwa sauti zao wenyewe. Kazi ya Stela ilikuwa kumwonyesha mchezaji hali yake: njaa, kiu na nguvu. Alikichora kitu hicho kifanane na redio ya marehemu babu yake, Gervasi: mbao za kahawia, kitambaa cha spika, kidirisha cha mwanga wa kijani, na ndani yake mishale mitatu inayotetemeka.

Mwenye seva inayoliendesha gemu hilo, Majidi wa Kanyenye, alikuwa ametoa sharti. Aletwe mtu ambaye hajacheza gemu hata siku moja, acheze bila kufundishwa. Akiielewa mishale, seva itafunguliwa ikiwa na kazi ya Stela. Asipoielewa, watachukua ya vijana wa Dar.

"Na katika Tabora nzima ukaniona mimi," alisema Bibi, akikaa mbele ya kompyuta.

"Nani mwingine hajacheza, Bibi? Hata katekista anacheza."

"Haya, mke mwenzangu. Nibonyeze wapi?"

Stela akamwonyesha vitufe vya kumwendeshea mpagazi wake, akamvisha vipokea sauti vya masikioni juu ya kilemba, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kusema neno.

"Hodi! Hodi humo!" Bibi akaita.

"Karibu!" zikaitikia sauti nane, tisa. "Shikamoo!"

"Marahaba. Mmeshindaje? Nyumbani hawajambo? Na huyo mwenye mzigo mkubwa, mgongo haujambo?"

Alimsalimia kila mpagazi, na kila mpagazi alisimama kuitikia, mpaka msafara mzima ukawa umeziba njia. Mshale wa njaa ukashuka. Bibi akauona. Akafungua fungu lake la muhogo, lakini angekulaje peke yake mbele za watu? "Karibuni chakula!" Wakala wote. Mshale ukapanda, na Stela akaruka kimyakimya kama panzi.

Kisha mshale wa tatu, ulioandikwa NGUVU, ukaanza kulala. Mwanga wa kijani ukafifia, sauti ikawa ya kukwaruza.

Bibi akatabasamu. Loo, hii aliijua! Mara ngapi redio ya Gervasi ilikwaruza hivihivi katikati ya mpira, naye Gervasi akatoa betri zote nne na kuzipanga juu ya bati, zipate jua? Jioni redio ilipiga kelele mpaka kwa jirani. Kwa hiyo Bibi akamtoa mpagazi wake kivulini, akamsimamisha mahali peupe, jua la utosini. Akakunja mikono akasubiri.

Stela akauma kanga. Humo ndani dawa ya nguvu ilikuwa kulala kivulini, na jua lilikuwa linaongeza kiu tu.

"Bibi," akauliza Shigela, kiongozi wa msafara, "mbona umesimama hapo?"

"Naanika betri, baba."

Msafara mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Betri zipi?" akauliza Adriano, mpishi.

"Zangu. Si unaona mshale umelala? Na wako je?"

"Na wangu umelala."

"Basi njoo uanike! Unangoja nini?"

Adriano akaja. Shigela akaja. Wakaja wote, wakajipanga mistari minne juani.

"Wewe, sogea, unanitia kivuli!"

"Bibi, mimi betri zangu ni za zamani sana."

"Tulia, zitashika!"

Hazikushika. Mpagazi wa Bibi akaanguka chali kama gunia la tumbaku. Puu! Shigela naye, puu! Msafara mzima ukalala njiani, na mizigo juu yao.

Bibi akageuka, akauona uso wa Stela. Furaha yote ikamtoka. "Nimekuharibia, mwanangu."

Majidi, aliyekuwa akifuatilia kutoka kwake, akasikika kwenye spika, akihema kwa kucheka. "Bibi, nani alikwambia kuwa mshale ule ukilala nguvu zimekwisha?"

"Aniambie nani? Kwani wewe kwenu hamkuwa na redio?"

"Tulikuwa nayo. Marehemu baba alikuwa akianika betri dirishani." Kisha akamsemesha mjukuu. "Ameusoma bila kufundishwa, Stela. Mshale hauna kosa, kosa ni la jua. Kwa nini jua lako halirudishi nguvu?"

"Nalirekebisha sasa hivi!" Stela akapiga kelele, akamkumbatia Bibi mpaka kilemba kikadondoka.

Saa kumi msafara uliingia tena, ukajipanga juani. Redio ikakwaruza, ikakohoa, mwanga wa kijani ukarudi taratibu na mshale wa nguvu ukainuka ukitetemeka. Watu wakashangilia, wakabeba mizigo yao tayari kwa Ujiji.

"Mnakwenda wapi?" Bibi akafoka. "Geukeni kwanza! Upande wa pili haujapata jua."

Na msafara mzima, kuanzia kiongozi mpaka mpishi, ukageuka.