Uzi wa Kijani

Nyanya, kama hukuwahi kujua, haihitaji mchumba. Ua lake lina dume na jike humo humo, na ukiliacha lichanue kwa raha zake, chavua ya dume inamwangukia jike na mambo yamekwisha. Kampuni ya mbegu haitaki hivyo. Inataka jike wa nyanya hii azae na dume wa nyanya ya banda la pili. Kwa hiyo wanawake huingia asubuhi na vibano kwenye lile banda la nailoni, joto la kuchemsha ubongo, wakafungua ua likiwa bado changa, wakang'oa vijiti vyote vya dume na kufunga uzi kwenye kikonyo. Kuhasi, ndivyo walivyoita, na utani wake, we acha tu, usingeurudia mbele ya wakwe. Kesho yake ndipo jike hupakwa chavua ya mgeni. Ukisahau kijiti kimoja, ua limeshajioa lenyewe na mbegu imeharibika. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na rangi yake ya uzi, ili mharibifu ajulikane.

Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa mdomo wake usiopumzika, alikuwa na uzi wa kijani. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa na wa buluu. Walifanya kazi tuta moja, huyu upande huu, huyu upande ule, vibunda vyao vya uzi vikining'inia kwenye msumari mmoja, kila mmoja akichomoa hapo nyuzi zake za siku. Na macho ya shangazi yalikuwa yamekwisha. Mtoto wa jicho, weupe mtupu, ila mwenyewe hasikii la mtu.

"Macho yangu mazima," alisema. "Nyinyi ndio mnajaza vumbi humu."

Basi wenzake wakienda kula, Chiriku alirudi kimyakimya kwenye maua ya shangazi na kung'oa vijiti alivyoviacha. Hakumwambia. Angeanzaje? Kazi ile ndiyo iliyomfanya shangazi ajione mtu, na kwa umri wake nani angempa nyingine?

Mpaka siku Chiriku alipombembeleza aende hospitali, naye akamjibu mbele ya watu: "Unataka kunizika mzima, wewe? Subiri nife kwanza!"

Wenzao wakacheka. Chiriku akasusa. Wiki nzima alikula na wenzake, akapiga soga, na maua ya shangazi akayaacha yajijue. Roho ilimsuta kila siku, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Kisha msimamizi akapita akikagua. Aliwaita wote, akamwaga mezani rundo la maua, vijiti vya njano vimebaki ndani, na kila kikonyo kina uzi wa kijani.

"Aliyefanya hivi anatoka getini leo," alisema. "Kijani ni ya nani?"

Chiriku alitazama yale maua. Haikuwa kazi yake. Yeye hakuwahi kuacha kijiti. Akakumbuka ule msumari mmoja na vile vibunda viwili, akaelewa kwamba shangazi hatofautishi tena buluu na kijani. Neno moja tu lingemwokoa, na mdomo ule uliozoea kusema yote ukawa mzito. Mimi bado kijana, alijiambia, nitapata pengine.

"Ni yangu," alisema. "Nilizembea."

"Muongo!" Shangazi alishajipenyeza mpaka mbele. "Huyu nimemfundisha mimi kazi hii! Kwenye tuta letu hakuna mzembe!" Akachomoa uzi mfukoni mwa aproni, akauinua juu. "Haya, uzi wangu huu hapa, wa buluu. Tafuta ua langu lolote, kagua, halafu uniambie kama mwanafunzi wangu anaweza kuharibu hivyo!"

Hakuna aliyecheka. Uzi aliouinua ulikuwa wa kijani.

"Mama," msimamizi aliuliza taratibu, "huo ni wa rangi gani?"

"Buluu. Kwani wewe huoni?"

Msimamizi akamtoa kibano mkononi, polepole, kama unavyompokonya mtoto kisu. Halafu akamgeukia Chiriku. "Na wewe ulijua, ukadanganya. Nendeni wote wawili."

Wakatembea mpaka barabara kubwa. Hapo shangazi akasimama.

"Ulikuwa unapitia maua yangu?"

"Mara mojamoja."

"Na yale maua mazuri waliyonisifia miaka yote... yalikuwa yangu au yako?"

Chiriku hakujua. Hakukumbuka tena ni lini alianza kuyarudia.

"Yalikuwa yako, shangazi," alisema, akamshika mkono kumvusha.