Zamu ya Kumwogesha Baba

Kwa kina Heikkinen hapagombwi ndani ya sauna, bafu lao la mvuke. Mtukanane wiki nzima, mnuniane mpaka kwenye sahani, lakini Jumamosi mkishaingia kwenye kile kibanda cha mbao na mawe yakishapata moto, kila mtu anashusha sauti kama yuko kanisani. Ndiyo maana Senja alisubiri Jumamosi. Tangu Jumatatu alikuwa na maneno kooni, akayatunza.

Kaka yake, Reino, alikuwa ameinama anamvua baba yao soksi. Mzee Urho alipooza upande wa kulia, na kwa miaka minne Reino ndiye aliyemwogesha, Senja akiwa chuoni. Walikubaliana Senja akihitimu arudi ashike zamu, naye Reino aende zake magharibi kwenye visima vya mafuta.

"Kaka," Senja alisema pale mlangoni, koti bado mwilini. "Nimepata kazi Korea. Kufundisha watoto Kiingereza. Naondoka Februari."

Reino akamaliza kuvua soksi ya pili. Akaikunja vizuri.

"Na mzee?"

"Nimeongea na watu wa wilaya. Kuna muuguzi atakuwa anakuja kila..."

Kofi lilimkuta katikati ya neno. Kichwa kikagonga mwimo wa mlango, akaona nyota.

Senja hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza. Alicheza hoki ya barafu tangu ana miaka sita, na mji mzima uliziogopa ngumi zake. Mkono ulishajikunja wenyewe. Hapo Reino akacheka.

"Haya, piga! Si Wakorea wanataka karatasi ya polisi, kwamba huna kesi yoyote? Nimeiona barua yao mezani. Nirudishie hata moja tu, dada, niite polisi, tuone kama watakupokea!"

Senja akafungua ngumi. Akaificha mikono nyuma ya mgongo.

Reino akampiga ya tumbo. Akamshika nywele, akamsukuma mpaka kwenye jiko, na mkono wa kushoto ukagusa chuma. Ngozi ikachachatika kama nyama kikaangoni. Senja akapiga yowe lililovuka barabara.

"Si humu!" mzee alikuwa analia kwa ule mdomo wake wa nusu. "Si humu, jamani!" Akajaribu kuinuka, akaanguka chali kwenye ubao.

"Miaka minne!" Reino naye machozi yanamtoka, na bado anapiga. "Miaka minne namtawaza! Zamu yako, mbwa wewe! Zamu yako!"

Kiwiko kikavunja pua. Lakini yale maneno yaliuma kuliko kiwiko, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Jirani aliyekuwa anazoa theluji ndiye aliyepiga simu. Askari Paquette alipofika, Reino alikuwa amekaa nje kwenye theluji na fulana tu, mikono inaning'inia. Paquette akamtazama Senja, akatikisa kichwa.

"We Senja! Mimi nimecheza hoki na wewe, nakujua. Upigwe hivi usirudishe hata moja? Lete mikono."

Akainyoosha. Vifundo vya vidole vilikuwa safi, havina mchubuko.

"Haya, sema. Nani kakufanya hivi?"

Mzee Urho, ametolewa nje na kufunikwa blanketi, akamkamata Senja koti kwa mkono wake mzima. "Sema umeteleza kwenye barafu, binti yangu. Akifungwa huyu, nani atanibeba?"

Senja akautazama ule mkono wa baba. Akisema ameteleza, mzee angeogeshwa Jumamosi ijayo, naye angeondoka Februari bila kizuizi. Ila yeye akishaondoka, ngumi za Reino zingemwangukia mzee mwenyewe. Hilo hakuwa amelifikiria mpaka dakika ile.

"Ni Reino," alisema.

Reino hakubisha. Alinyoosha mikono, akafungwa pingu. Alipofika kwenye gari akageuka, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kwapa la kulia. Paoshe polepole, pana kidonda."

"Na wewe twende hospitali," Paquette alimwambia Senja.

"Nikimaliza hapa. Rudi unichukue."

Akamrudisha mzee ndani, akimkokota zaidi ya kumbeba. Akamwogesha kwa mkono mmoja, ule ulioungua ameuinua juu, damu ya pua inadondoka kwenye beseni. Kwapa la kulia aliliosha polepole. Mzee alitazama ukuta.

"Februari naondoka, baba. Muuguzi atakuja, na Reino akitoka aende zake magharibi. Sitaki akuguse tena."

Mzee alichovya vidole kwenye beseni.

"Maji yamepoa," alisema.

Senja akaenda kuongeza ya moto.