Koti la Kobe

"Sabuni ya unga! Redio, umelifua koti la ngozi kwa sabuni ya unga!"

"Sasa ulitaka nilifue kwa nini, kwa mate?"

"Nani alikutuma?"

"Ukungu ndio ulionituma! Koti limeota manyoya ya kijani, linaning'inia hapo kila mtu analiona. Nikasema jirani yangu siku hizi hana nguvu, ngoja nimpunguzie kazi. Kumbe najipalia makaa!"

Uani palikuwa pamefurika. Katika nyumba ile ya wapangaji ugomvi haukuwa na mwaliko wala kiingilio, na hata yule wa chumba cha mwisho, ambaye kila siku huapa kwamba hapendi umbea, alikuwa ametoka na mswaki mdomoni. Nyuma yao, juani, koti jeusi na suruali yake vilichuruzika maji kambani, na povu lilikuwa bado limenasa kwenye zipu.

Mwenye koti alikuwa Kobe, na aliyekuwa anampigia kelele Redio, jirani aliyepewa jina hilo kwa mdomo usiozimika, ni mkewe. Jina la Kobe alipewa na wenzake waliopeleka vifurushi kwa pikipiki, kwa sababu hakuwahi kukimbia hata mvua ilipokuwa inamfukuza. Pamoja na upole wote huo, mkewe aliishi roho mkononi. King'ora kikilia barabara kuu, kijiko kinamtoka. Lakini barabara ilimrudisha Kobe kila jioni, mzima. Kilichomchukua ni moyo wake mwenyewe, akiwa ameketi kitandani, buti moja mguuni, jingine mkononi.

Ndugu waligawana mashati. Koti la ngozi na suruali yake mke alivikatalia. Alivisokomeza kwenye mfuko wa nailoni akaukaza mdomo kwa kamba, kwa sababu mle ndani Kobe alikuwa bado ananukia: petroli, jasho, na mafuta yale ya nywele aliyokuwa akichekwa nayo. Hamu ikimzidi alilegeza fundo kidogo, akaingiza pua, kisha akafunga haraka kama mwizi. Asubuhi ile alifungua akakutana na harufu ya ukungu. Akavianika chini ya upenu, akatoka mbio kwenda kumwita fundi viatu wa pale kona. Aliporudi naye, Redio alikuwa ameshamaliza kusugua kwa brashi.

"Kwanza litoke juani," fundi akasema, akilishusha koti mwenyewe pamoja na suruali. "Mtagombana likiwa kivulini."

Alilitandaza juu ya meza ya mbao, akaomba maji safi na vitambaa. Alifuta povu, akasuuza kitambaa, akafuta tena. Redio alipotaka kusaidia kwa kukamua mkono mmoja, fundi akamzuia. "Usikamue, mama! Hilo si dekio. Kandamiza kwa taulo tu, liache linywe maji yenyewe."

Mke wa Kobe hakuwa na habari na mambo ya taulo. Alikuwa na swali moja tu, na alilitoa kwa sauti ndogo watu wasisikie, ingawa wote walisikia.

"Harufu yake imebaki?"

Fundi aliinamia kola. Akanusa bitana, akanusa kwapa, akarudi kwenye kola kana kwamba angeweza kubadilisha jibu.

"Imekwenda, mama. Nikikwambia vingine nitakuwa nakuibia."

"Umeona?" mke wa Kobe akamgeukia Redio. "Umeona ulichonifanyia?"

"Ila hata asingelifua," fundi akaendelea, macho yakiwa kwenye kazi yake, "ukungu ungelimaliza. Ngozi huwa inapumua. Kwenye nailoni ulikuwa umeikaba koo."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mmesaidiana."

Mke wa Kobe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yakamtoka bila sauti. Kilio cha namna hiyo hakina utamu kwa watazamaji. Mmoja mmoja wakakumbuka sufuria zao, na yule wa mswaki akakumbuka kusukutua. Akabaki Redio, mikono inadondosha maji. Ilikuwa mara ya kwanza uani pale kuishuhudia Redio imezimika.

Fundi alipandisha mikono ya koti mezani. "Harufu siwezi kuirudisha. Lakini tazama hapa kwenye viwiko. Haya makunyanzi ni ya kwake. Ngozi hukauka vile ulivyoiacha. Tukilitundika limenyooka, litakauka kama la dukani. Tukijaza vitambaa tukaikunja mikono kama alivyoikunja yeye, tukapaka mafuta pale pale, mikono yake itabaki. Ila ni sasa, kabla ya kukauka. Kwenye pikipiki alikuwa anakaaje?"

Mke akavishika viwiko vile.

Alijua Kobe alivyolala, alivyokoroma, alivyoshika kikombe kwa vidole vitatu kama bibi harusi. Lakini pikipiki ile hakuipanda hata mara moja, na kwa woga hakutoka hata mlangoni kumtazama akiondoka. Alimuaga akiwa ndani, mgongo umegeuka, akijifanya anatandika kitanda.

Redio akakohoa. "Mkono wa kushoto alikuwa anautoa nje. Kama kuku mwenye bawa moja."

"Umejuaje?"

"Si alikuwa ananipakia kwenda sokoni, shoga? Na wewe ulikuwa unajua."

Alijua. Asichowahi kufikiri ni kwamba aliyepakiwa ana macho. Wivu wa kijinga ukamchoma, kumwonea mtu wivu kwa kuutazama tu mgongo wa mumewe. Angeweza kumfukuza Redio pale pale.

"Onyesha," akasema.

Redio akakalia benchi, akashika usukani wa hewani. Fundi akajaza vitambaa, akakunja. "Hapana, kunja zaidi. Na bega hili lishuke, alikuwa kama anasikiliza injini." Mke akachovya vidole kwenye kopo la mafuta, akapaka kidogokidogo, akifuata kila mstari wa kiwiko. Ngozi ikayanywa. Mistari ikarudi myeusi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mezani pakawa na mikono ya mtu anayeendesha pikipiki, na mtu mwenyewe hayupo. Kwa mazoea akainamisha pua. Mafuta ya fundi, na sabuni.

"Njiani alikuwa kimya?"

"Kobe? Kimya? Alikuwa anaimba! Tena vibaya. Nikamwambia shemeji, bora tuanguke."

"Nyumbani hajawahi kuimba."

"Labda alikuwa anakuonea aibu."

Fundi akakusanya vitu vyake, akaagiza koti lisiguswe kivulini pale mpaka likauke, kisha lipakwe tena. Akaondoka. Redio naye akainua beseni lake, akajifuta mikono kwenye kanga, akaelekea chumbani kwake bila kuaga.

Tangu msiba, mke wa Kobe alikuwa akipokea watu kwenye kizingiti: anachukua sahani, anashukuru, anarudishia mlango. Sasa aliusukuma wote, ukagonga ukuta.

"Redio."

"Abee."

"Kila siku napika cha watu wawili, na kila siku namwaga. Ingia tule. Uniambie alikuwa anaimba nini."