Uwanja Mwembamba

Zamzam hakuwahi kununua kitambaa kwa kuangalia picha, na hakuona kwa nini anunue bahari kwa namna hiyo. Asubuhi ile, kabla wateja wa jumla hawajafurika Kariakoo, aliketi juu ya robota la vitenge mlangoni pa duka lake, akafungua simu na kuvitazama upya viwanja vitatu vya gofu vya kisiwani Morisi. Vyote vilikuwa vizuri. Hilo ndilo lililomtia shaka.

"Mama Nour," aliita Suud, jirani yake anayeuza vyombo vya plastiki upande wa pili wa njia, "bado hujachagua tu? Mtu mzima unahangaika na nyasi! Nenda pale Jangwani, nyasi tele, bure."

"Jangwani kuna bahari?"

"Mvua ikinyesha, ipo."

Wakacheka wote wawili. Suud alijua habari za safari, lakini sababu yake hakuijua.

Zamzam alianza gofu akiwa ameshavuka miaka arobaini. Mteja mmoja aliyekuja kununua kitambaa cha sare za wachezaji wanawake alimwalika uwanjani apige mpira mmoja tu, wa kujaribu. Tangu hapo kila Jumapili alfajiri alikuwa uwanjani na suruali yake, shati refu na ushungi, na mumewe Abdulrazak akimfuata nyuma akivuta mkoba wa fimbo. Abdulrazak mwenyewe hakucheza. Kazi yake ilikuwa kuangalia mpira unapoangukia. "Wewe piga," alizoea kusema, "kuangalia niachie mimi." Mwaka jana akaanza kupoteza hata mipira iliyoanguka mbele yake. Hospitali walisema ni presha ya macho. Matone yangeweza kuulinda uoni uliobaki, lakini uliokwisha kupotea haurudi, na hakuna aliyeweza kuwaambia uliobaki utadumu mpaka lini.

Ndipo Zamzam alipoamua kwamba ile safari waliyokuwa wakiiahirisha tangu walipooana itakuwa mwaka huu. Yeye atacheza, Abdulrazak atatembea kando yake, na ataiona bahari ya ugenini yote, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Fedha ilitosha nauli na malazi ya heshima. Ya gofu ilibaki kidogo, na viwanja vya pwani vilipangiwa bei na watu wasiozoea kuulizwa bei.

Akampigia Bryson, kijana wa Ilala aliyewahi kubeba fimbo za wachezaji hapa Dar, sasa anakata nyasi kwenye hoteli moja huko Morisi.

"Shikamoo, Mama Nour!"

"Marahaba, baba. Ule uwanja wa kwanza, wenye bahari pande zote. Mtu akisimama chini, hiyo bahari anaiona?"

Bryson alisita. "Ukweli wenyewe, mama, ile picha imepigwa na droni. Ukiwa chini ni mivinje tu. Bahari unaisikia."

"Nimeuliza kuiona."

"Basi huioni."

"Na wa pili?"

"Uko mlimani. Bahari ipo, ila mbali, kama bati la jirani linavyong'aa. Wa tatu ndio wenyewe, mama. Kila shimo maji yako hapo hapo, yanakurushia chumvi. Lakini bei yake, mh! Na huku hakuna kusema nipunguzie, mimi mteja wako."

Zamzam alishukuru, akakata simu, akaanza kupima. Wakikaa siku mbili badala ya wiki, wakalala mbali na pwani, uwanja wa tatu unawezekana. Alipima tena polepole, akaona bado unawezekana. Basi ni huo.

Abdulrazak alifika baada ya sala ya adhuhuri. Alipitisha kiganja kwenye fremu ya mlango kwanza, kisha akaingia. Zamzam alimweleza yote. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Usichukue huo," alisema.

"Bei nimeshaimudu, Baba Nour."

"Siyo bei."

Alipapasa kwenye kona ya duka, akaokota kipande cha bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki kitambaa kilichoviringishwa kikiisha. Akampa mkewe.

"Funga jicho moja. Chungulia nje."

Zamzam akachungulia. Aliuona mdomo wa Suud, basi. Akasogeza bomba. Akaona beseni la bluu, nusu. Akaona bega la mchukuzi, bila kichwa, bila mzigo.

"Mama Nour!" Suud alipiga kelele. "Sasa umefikia kunipiga darubini? Nimekuibia mteja?"

Zamzam alizidi kuchungulia.

"Sasa niwekee bahari humo," alisema Abdulrazak kwa sauti ya chini. "Kitu kipana mimi nakipata vipande vipande. Najua kipo kizima kwa sababu mnaniambia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeacha kucheza."

Ilikuwa kweli. Muda wote huu alikuwa akichagua kwa macho yake mwenyewe. Aliliacha bomba jichoni ili mumewe asimwone uso, akageuka kando, kwenye uchochoro ulio kati ya duka lake na la jirani. Kule mwisho, kati ya kuta mbili, alikaa mwanamke akimenya machungwa. Alionekana mzima, kuanzia kilemba mpaka ndala, na sinia lake mbele yake. Hakuna kilichokatika.

"Yule wa machungwa," aliuliza taratibu, "unamwona?"

"Namwona. Khanga ya njano. Yule namwona vizuri kuliko wewe."

"Kuliko mimi?"

"Wewe uko karibu mno, mke wangu."

Zamzam alishusha bomba. Akampigia Bryson tena, pale pale.

"Sikiliza. Sitaki tena bahari pana. Nataka uwanja wenye miti huku na huku, na bahari iwe mwisho kabisa, mbele."

Bryson aliangua kicheko. "Mama, upo, ila niliona aibu kukutajia! Mashimo tisa tu, wa zamani, mwembamba kama vichochoro vya huko kwenu. Wageni wanaununia, mipira yao inaishia msituni. Ndiyo maana bei yake ni ya watu wa kawaida."

"Na bahari?"

"Shimo la nne na lile la mwisho. Mbele kibendera, nyuma ya kibendera maji. Kidogo, kama mtu ameacha mlango wazi."

"Jua? Mng'aro unamuumiza mzee."

"Jioni linakuwa mgongoni."

"Nenda ukanipigie picha. Usimame chini, kwa miguu yako. Usipande hata jiwe."

"Mama Nour, una masharti wewe!"

"Nanunua, Bryson."

Picha iliingia kesho yake. Abdulrazak aliishika simu mbele yake, akaisogeza huku na huku mpaka ikapata mahali pake.

"Kibendera chekundu," alisema. "Na maji yana rangi mbili."

Zamzam hakuwa ameziona hizo rangi mbili. Alitazama tena, akaziona. Siku hiyo hiyo akalipia, wiki nzima.

"Sasa kuna jambo," alisema Abdulrazak. "Mpira ukinyooka katikati ya miti ile, nitaufuata mpaka unapoanguka. Ukienda pembeni, mimi simo."

Mipira ya Zamzam ilikuwa na tabia ya kupinda kulia. Kwenye uwanja mpana wa mjini hakuwahi kujali; mpira ulipoangukia aliufuata. Jumapili iliyofuata hakujiunga na wenzake. Alikwenda sehemu ya mazoezi na kikapu cha mipira, na Abdulrazak akasimama nyuma yake, kwenye mstari mmoja naye, mikono mgongoni.

Akapiga.

"Nimeupoteza."

Akasogeza mguu wa kushoto, akapiga tena.

"Nimeupoteza."

Jua lilipanda. Wenzake walipita wakimtania kwamba amefungiwa kucheza. Viganja vilimuuma, kikapu kikawa chepesi, na nyuma yake sauti ikarudia neno lile lile bila kuchoka na bila kulaumu. Akapiga mwingine, chini kidogo, bila kutumia nguvu.

Nyuma yake pakawa kimya.

"Huu nimekwenda nao," alisema Abdulrazak. "Umedunda mara mbili, umekaa."

Zamzam hakugeuka. Aliinama, akaweka mpira mwingine chini.